Aliyegeukia Kushoto

Hakuna mtu Mbinga mjini aliyeona makosa ya wenzake kwa wingi kama Vitalia. Aliona mashahidi wa ndoa waliosahau pete nyumbani, wanakwaya waliosinzia katikati ya mahubiri, wajomba walioonja keki kabla ya maharusi, na bwana harusi mmoja aliyejikwaa kwenye jina la mkewe mbele ya padri na kanisa zima. Yote hayo yalipita mezani kwake, kwenye kioo cha kompyuta, na yote aliyakata. Watu walipokuja kuchukua diski zao walikuta sherehe imenyooka, kila mtu ametulia, kila mtu anajua anachofanya. Wakamsifu kwamba anajua kupiga picha. Vitalia hakuwabishia, lakini moyoni alijua kupiga picha kila mtu anaweza. Kazi yenyewe ilikuwa kuficha.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge la Halima, chenye dirisha dogo, meza aliyotengenezewa na mumewe, na kompyuta iliyounguruma kama mashine ya kusaga iliyozidiwa na mahindi. Alipoizima aliifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe, maana aliona si adabu kitu cha thamani kama kile kulala uchi.

Alikuwa mtoto wa kijiji cha Mpepai, kwenye mashamba ya kahawa na ngoro, yale mashimo yanayopangwa mlimani safu kwa safu ili mvua isiondoke na udongo. Mama yake alitaka binti wa kushika jembe. Alipata binti wa kushika jembe huku akitazama pembeni. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akaruhusiwa kuleta alichotaka kutoka alikotaka, mzee mmoja mfanyabiashara, Adinani, ambaye wazazi wake walitoka Kilwa, alileta televisheni na deki, akafungua banda la video karibu na stendi. Vitalia alikuwa akiuza maandazi mlangoni. Wenzake waliingia kutazama mateke. Yeye aliingia akasumbuliwa na jambo jingine kabisa: mtu wa kwenye filamu alikuwa amesimama mlangoni, mara yuko ndani ya gari. Njia aliyopita imekwenda wapi? Nani ameichukua? Alimuuliza Adinani, na Adinani akacheka mpaka kofia ikahama kichwani.

Lakini mzee yule hakuwa mtu wa kucheka na kusahau. Alinunua kamera ya kubeba begani, na Vitalia alipokua akamchukua awe mshika taa. Magoti yake yalipoanza kumgomea alimwachia kamera. Na kompyuta zilipofika, alimpeleka Songea kwa mwanawe Abdulkarimu, aliyekuwa na studio kubwa kule, akafundishwa kukata, kuunga na kupaka rangi. Alirudi akiwa fundi. Wanaume wawili watatu wa mjini walisema hiyo si kazi ya mwanamke, kisha mmoja wao akaoa, akaja kwake kupiga foleni kama watu wengine.

Mumewe, Egidi, baba wa binti yao Jacqueline, alikuwa seremala kutoka Lituhi, ziwani. Mtu mpole, mkono wake mzuri, vitanda vyake havilii. Alikuwa na kilema kimoja tu, nacho hakionekani akiwa amekaa: hakujua kucheza. Si kwamba hakuwa na mdundo. Ni kwamba kwenye harusi, watu wakipanga mistari na kugeuka pamoja, Egidi alijikuta ametazamana uso kwa uso na jirani yake, na mara nyingi jirani huyo alikuwa mke wa mtu. Vitalia alikuwa amemkata mumewe katika harusi nyingi kiasi kwamba mtu angedhani mwanamume yule haalikwi. Mwishowe Egidi aliacha kabisa. Muziki ukianza, anakwenda kusaidia wanaopanga viti.

"Sijui nimerithi wapi miguu hii," alikuwa akisema, na hapo alikuwa hatanii. "Baba alikuwa kapteni wa mganda."

Baba huyo, Raimundi, alifariki Egidi akiwa mdogo, hata sura yake hakuikumbuka. Picha chache zilizokuwapo ziliungua pamoja na nyumba ya makuti. Kilichobaki ni maneno ya baba zake wadogo: kwamba Raimundi alisimama mbele ya safu na filimbi mdomoni, nguo nyeupe pe, soksi mpaka magotini, na ngoma hiyo ya mganda yote ikimfuata. Egidi alikua na picha hiyo kichwani. Alijiona ni mtoto aliyepoteza urithi.

Basi mwaka mmoja, wakati wa mavuno ya kahawa, Adinani alipokuwa akisafisha stoo yake alikuta kaseti ya zamani yenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake: Lituhi, mganda. Alikuwa ameipiga mwenyewe, siku za mwanzo za ile kamera. Alikumbuka alikotoka mume wa Vitalia, akaileta studio akiwa ameifunga kwenye gazeti.

"Tazameni," alisema. "Pengine yumo."

Yumo au hayumo, kwa Egidi halikuwa swali. Kaseti ilikuwa imeota ukungu na nyuso zote zilikuwa zimefifia, kila mtu ana doa jeupe mahali pa uso. Lakini nguo zilionekana, na filimbi ilisikika, na mbele ya safu alisimama mtu mrefu akiongoza. Egidi aliweka mkono kwenye kioo.

"Ni yeye," alisema. "Ni baba."

Alilia waziwazi, seremala mzima, na Vitalia akalia naye. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo. Mwezi wa nane familia ingekwenda Lituhi kwa misa ya kumbukumbu na kujengea kaburi. Mama yake Egidi, Margareta, alikuwa hajamwona mumewe tangu siku ya mazishi, si kwa picha, si kwa lolote. Sasa angemwona, tena anacheza. Wakakubaliana wasimwambie neno mpaka siku yenyewe. Vitalia alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kazi yoyote ifanikiwe. Mkwe wake alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono iliyokauka kwa kuanika dagaa, na katika miaka yote ya ndoa Vitalia hakuwahi kumpa kitu ambacho hakuwa nacho.

Kulikuwa na tatizo moja, na tatizo hilo lilikuwa na miguu. Nyuma tu ya kapteni alicheza mtu mmoja aliyekuwa akiharibu kila kitu. Filimbi ikilia, safu nzima inageuka kulia, yeye anageuka kushoto. Anamgonga wa nyuma yake, kofia inaanguka, anaokota, anarudi, na zamu inayofuata anageuka kushoto tena kwa moyo wote. Na kila akikosea, mwanamke fulani karibu na kamera alipasuka kicheko kilichofunika ngoma na filimbi.

"Mlevi huyo," Egidi alisema, amekunja uso. "Anamharibia baba. Mtoe."

Kumtoa haikuwezekana. Hakuna mahali kapteni alipoonekana ambapo yule mtu hakuwepo mgongoni kwake. Lakini kufifisha kuliwezekana. Kicheko kwanza: Vitalia alipunguza sauti kila kilipotokea, na hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mtu mwenyewe ndiye aliyemtoa jasho.

Dawa ya mtu kama huyo ni kile ambacho mafundi wa video wanakiita maski. Unachora umbo juu ya picha, na unachokiamuru kinatokea ndani ya umbo hilo tu. Vitalia aliliita ngoro, kwa sababu kwake lilikuwa shimo lenye kingo: ndani kuna jambo lake, nje kuna jambo lake. Alichora yai refu linalomtosha mtu, akalijaza ukungu kama vumbi la ngoma, akaliweka juu ya yule mlevi. Mlevi akapotea. Kisha picha ikaanza kutembea, mlevi akatoka ndani ya ngoro yake na kuendelea na fujo, na ukungu ukabaki pale pale ukimficha mpiga ngoma asiye na hatia.

Hilo alilitegemea. Maski lazima itembezwe. Unaweka alama hapa, unaweka alama pale, na kompyuta inajaza njia ya katikati. Lakini mganda si kutembea tu. Ni kuinama, kuyumba, kuegemea kulia na kushoto na mgongo umenyooka, na yai lililosimama wima halimfuniki mtu aliyeegemea. Ilibidi yai nalo liegemee. Alipolizungusha kidogo tu, liliruka kutoka kwa mlevi likaenda kutua kwenye miguu ya watazamaji.

Alichukua muda kuona kwa nini. Kulikuwa na kialama kidogo cha msalaba katikati ya kioo, na yai lilikuwa likizunguka msalaba ule, si kujizunguka lenyewe. Alipokiona alicheka peke yake. Mama yake alimpigia kelele kila siku Mpepai: mchimba ngoro anasimama katikati ya shimo lake na kutupa udongo kwenye kingo, hachimbi akiwa shamba la jirani. Aliuvuta msalaba mpaka kiunoni mwa yule mtu, na yai likaanza kuegemea mahali pake.

Likaegemea kulia vizuri. Kushoto lilikataa. Mtu alipotoka kuegemea kulia na kwenda kushoto, jambo dogo la kufumba na kufumbua, yai lilijizungusha lote, likapiga duara kama feni, ndipo likafika. Kwenye picha ilionekana kama kimbunga kimempitia mtu katikati ya mganda. Vitalia alifuta alama, akaweka upya. Feni. Alizima kompyuta, akaifunika kitambaa chake, akaifunua, akaiwasha. Feni ileile. Tena ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu mtu yule hakuwa na kitu kingine: maisha yake yote katika kaseti ile yalikuwa kwenda kushoto.

Alimpigia Abdulkarimu simu Songea.

"Futa programu, iweke upya," alisema Abdulkarimu, ambaye kwa ugonjwa wowote wa kompyuta alikuwa na dawa hiyo moja.

"Nimeandika nyuzi za kuegemea sawasawa. Kulia kumi, kushoto mia tatu na hamsini."

"Ndivyo. Duara linaanzia sifuri linaishia mia tatu na sitini. Hakuna kingine hapo. Futa uweke upya, dada."

Alifuta, akaweka upya, na feni ikazunguka kana kwamba haijasikia lolote. Hasira zilimpanda. Alifunga studio, akaenda sokoni kununua maharage ya chakula cha jioni, kwa sababu maharage angalau yanakaa unapoyaweka.

Muuzaji alimpimia kwenye mizani ya uso wa saa, akamimina maharage kwenye mfuko, akaondoa na bakuli. Mshale ukashuka, ukafika sifuri, ukapita, ukasimama upande wa pili, kushoto. Vitalia alisimama akiukodolea macho.

Alikuwa amewahi kuuona mshale mahali hapo. Mwanzoni mwa soko huria wanunuzi wa kahawa walikuja mpaka Mpepai na mizani zao wenyewe, na mmoja wao alikuwa na mizani ambayo mshale wake ulianzia pale, nyuma ya sifuri, ili kilo za kwanza za mkulima ziishie kuupandisha tu. Baba yake, mtu asiyependa kelele, ndiye aliyeona. Alisimama mbele ya kituo chote akipaza sauti: "Rudisha mshale! Huo uko nyuma ya sifuri!" Siku ile kila mtoto wa Mpepai alijifunza kwamba sifuri ina mgongo, na kwamba nyuma ya mgongo huo kuna namba, na kuna watu wanaokula kutokana nazo.

"Mama, unachukua au unatazama?" muuzaji aliuliza.

"Nachukua," alisema Vitalia, akaondoka mbio, na maharage akayaacha.

Kompyuta haikuwa mgonjwa. Ilikuwa tiifu kupita kiasi. Ukiiambia itoke kumi iende mia tatu na hamsini, inahesabu njia yote, kumi na moja, kumi na mbili, mpaka inafika, na kuhesabu kote huko ni karibu duara zima. Haikujua kwamba mtu anaweza kurudi nyuma ya sifuri kwa hatua moja. Vitalia alifuta mia tatu na hamsini, akaandika kumi, na mbele ya kumi akaweka kistari cha kutoa. Akabonyeza. Yai likatoka kulia, likapita katikati, likaegemea kushoto taratibu, na mlevi akaenda nalo kama aliyelazwa kwenye kanga. Vitalia alipiga kigelegele. Halima alitoka dukani na futi ya kupimia vitambaa mkononi akidhani kuna nyoka.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa uvumilivu. Alimfuata mtu yule wimbo mzima, egemeo kwa egemeo. Kila mahali safu ilipokwenda kulia yeye alimwandikia kistari chake cha kutoa. Alijua sasa anapoanza kukosea: bega la kushoto linatangulia kidogo, kama mtu anayeitwa na rafiki. Alijua anavyookota kofia bila aibu. Ilifika mahali akamzoea, hata akawa anamsemesha. "Haya, mzee wangu, inakuja. Geuka basi unavyojua." Na alipomaliza, ngoma ikachezwa tangu mwanzo mpaka mwisho bila doa, kapteni mbele, safu nyuma, na kati yao kitu kama vumbi linalopita. Egidi alipoitazama alinyoosha mgongo kama yeye ndiye aliyepuliza filimbi.

Siku chache kabla ya safari, Vitalia alikuwa akiitazama kazi kwa mara ya mwisho, mlango uko wazi, aliposikia sauti nyuma yake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Alikuwa Margareta, amepanda kutoka Lituhi bila taarifa, kanga mbili na mfuko wa dagaa uliotangulia kuingia kwa harufu. Alikuja kutafuta kitambaa cha altare kwa ajili ya misa, akapelekwa kwa Halima, na kwa Halima akasikia filimbi.

"Milele na milele, amina. Shikamoo, mama," alisema Vitalia, akajaribu kuziba kioo kwa mgongo.

"Marahaba. Sogea, mama Jacqueline. Huo si mganda wa kwetu?"

Mkwe akisema sogea, mtu husogea. Vitalia alimpa kiti, akairudisha picha mwanzo. Siri ilikuwa imeharibika lakini zawadi ilikuwepo bado. Margareta aliketi na mfuko wake mapajani, akaikazia picha macho. Alimtazama kapteni, akaitazama safu, akainamisha kichwa kama anayetafuta sindano.

"Na huyu mliyemtia moshi," aliuliza mwishowe, "amewakosea nini?"

"Ah, huyo, mama, ni mlevi tu. Anavuruga mstari. Baba Jacqueline aliona nimfifishe ili baba aonekane vizuri."

"Baba yupi?"

"Baba Raimundi. Huyo mbele, mwenye filimbi."

Margareta alimgeukia mkwewe, akarudi kwenye kioo, akamgeukia tena.

"Mwenye filimbi ni Tadei, binamu yake. Yuko hai mpaka leo, meno ndiyo yamekwisha. Nani kawaambia Raimundi alikuwa kapteni?"

"Baba wadogo..."

"Hao! Mtu akishazikwa wanampandisha cheo." Alinyoosha kidole, na kidole kikatua katikati ya vumbi ambalo Vitalia alilitengeneza kwa jasho lake. "Nyuma ya Tadei hakusimama mwingine. Mume wangu ni huyu. Mlevi wenu."

Vitalia alitamani sakafu ipasuke. Watu wote wale, na mmoja tu ndiye aliyestahili kuonekana, na huyo ndiye aliyemfuata hatua kwa hatua ili kumfuta. Alijiona kama aliyemzika baba mkwe wake mara ya pili, tena kwa ustadi.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

Lakini Margareta alikuwa hamsikii. Alikuwa ameanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha mabega, kisha mfuko wa dagaa ukaanza kutikisika mapajani.

"Hakuwa mlevi," alisema alipopata pumzi. "Alikuwa wa mkono huu." Aliinua wa kushoto. "Wakisema kulia kichwa kinasikia, mwili unakwenda unakokujua. Walimpigia kelele mpaka wakachoka. Unajua mimi nilimwonaje? Tulikuwa wasichana tumesimama upande ule. Vijana wamevaa sawa, wamenyoa sawa, wanageuka sawa. Utamchagua nani hapo? Filimbi ikalia, wote wakatupa visogo. Mmoja tu akageuka akanitazama mimi." Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na tangu siku ile, kila mganda, nilisimama upande wa kushoto. Aligeuka akanikuta. Hata hapa nipo, hapa karibu na huyo mwenye kamera. Mbona sisikiki? Sauti yangu mmeipeleka wapi?"

Vitalia alielewa ni sauti ipi. Kile kicheko. Alikuwa amekipunguza chenyewe kwa asubuhi nzima, kimoja kimoja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Ndipo akakumbuka kisanduku. Katika maski kuna kisanduku kidogo sana, kazi yake ni moja: kugeuza. Ukikitia alama, kilichokuwa ndani kinakwenda nje, na kilichokuwa nje kinakuja ndani. Hakuwahi kukihitaji. Aliweka mshale juu yake, akabonyeza mara moja.

Safu ikazama vumbini. Tadei na filimbi yake, ngoma, soksi nyeupe, wote wakafifia pamoja, na katikati akabaki mtu mmoja, angavu, ndani ya ngoro iliyokuwa inamjua kila anakoelekea. Kazi yote ya kumficha haikupotea hata chembe. Kila egemeo lilikuwepo, kila kistari cha kutoa. Vitalia akairudisha na sauti mahali pake. Filimbi ikalia. Raimundi akatanguliza bega la kushoto, akageuka, akawatazama wote wawili kwa uso wake usio na macho wala mdomo, na pembeni mwanamke kijana wa miaka mingi iliyopita akapasuka kicheko.

Margareta hakucheka naye. Machozi yalimtoka bila kelele. Filimbi ilipolia mara ya pili, kiti kikalia kidogo: mama yule alikuwa ameegemea kushoto.

"Rudisha, mwanangu," alisema. Vitalia akarudisha. Hakuwa amewahi kuitwa mwanangu katika chumba kile, na hakukumbuka kuhesabu walirudisha mara ngapi.

Lituhi waliionyesha ndani ya ukumbi wa kigango cha kanisa, madirisha yamezibwa mablanketi. Wazee walimtambua kabla picha haijatulia. "Raimundi! Mtu wa kushoto!" walipaza sauti, na Tadei mwenyewe, bila meno, alisimama akasimulia jinsi alivyotaka kumfukuza na jinsi wasichana walivyokataa. Baba wadogo walijifanya hawakuwahi kusema lolote kuhusu kapteni. Egidi alikuwa amesimama nyuma, mkono mdomoni. Vitalia alikuwa amemwambia ukweli nyumbani, naye alikuwa ameupokea kwa kwenda kupiga randa ubao mpaka jioni. Sasa alitazama bega lile likitangulia, na Vitalia akaona bega la mumewe likifanya vilevile bila mwenyewe kujua.

Nje mganda ulipangwa kwa heshima ya marehemu. Vitalia aliweka kamera tayari. Alimtafuta mumewe mahali anapokuwa siku zote, kwenye viti, hakumwona. Alikuwa kwenye safu, wa pili, nyuma ya aliyeshika filimbi, ameazima kofia isiyomtosha.

Filimbi ikalia. Safu ikageuka kulia. Egidi akageuka kushoto, akamgonga mtu, kofia ikaanguka. Akaiokota bila haraka, akajikuta anatazama moja kwa moja ndani ya kamera, na pembeni ya kamera mama yake akapasuka kicheko kilichofunika ngoma.

Waliporudi Mbinga, Vitalia alikaa mezani kuipitia kazi ile. Alifika kwenye kofia. Alifika kwenye kicheko. Aliweka mikono mapajani, akaiacha ipite yote.